Je, Wajua? "Malaika": Waliimba Wawili, Walioutengeneza ni Wengi

Piga "Malaika" katika harusi yoyote hapa Arusha, iwe ukumbini Njiro au chini ya turubai Usa River, na babu ataimba pamoja na mjukuu wake. Mwaka 1965 wimbo huu ulizunguka dunia kwa sauti za watu wawili, Miriam Makeba na Harry Belafonte. Nyuma yao kuna watu wengi ambao majina yao hayatajwi, na kuna barabara inayotoka chini ya Mlima Meru hadi Nairobi ambayo imepitisha muziki mwingi kuliko tunavyokumbuka. Msomaji, twende nayo hatua kwa hatua.

WAWILI WALIVYOKUTANA

1. Je, wajua kwamba Makeba na Belafonte walikutana London mwaka 1959? Makeba alikuwa anatoka Venice, ambako filamu ya "Come Back, Africa" ilikuwa imeonyeshwa kwenye tamasha. Filamu hiyo ilipigwa kwa siri ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi, na Makeba anaonekana humo kwa dakika chache tu akiimba. Dakika hizo zilitosha. Belafonte alimsaidia kufika Marekani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa jukwaani New York.

2. Kwamba wakati huo Belafonte alikuwa tayari nyota mkubwa? Albamu yake ya "Calypso" ya mwaka 1956 inatajwa kuwa ya kwanza ya msanii mmoja kuuza nakala zaidi ya milioni moja nchini Marekani. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1927, katika familia yenye asili ya visiwa vya Karibi.

3. Kwamba Belafonte aliifanyia Afrika Mashariki kazi kubwa kabla hajaimba neno moja la Kiswahili kwenye "Malaika"? Mwaka 1959 yeye, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie nauli za wanafunzi kutoka kwetu wanaokwenda kusoma Marekani. Mpango huo ulisukumwa na Tom Mboya wa Kenya, na Septemba mwaka huohuo ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

4. Kwamba Makeba aliimba duniani kote akiwa hana kwao pa kurudi? Mwaka 1960 mama yake alifariki. Alipotaka kwenda kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi. Serikali ya makaburu ikamvua uraia na kuzipiga marufuku santuri zake. Nchi mbalimbali zilimpa pasipoti, Guinea ikiwa mojawapo. Nyumbani alirudi mwaka 1990, baada ya miaka 30.

5. Kwamba "Malaika" haukuwa wimbo wao wa kwanza pamoja? Mwaka 1960 Makeba alipanda jukwaa la Carnegie Hall kama mgeni wa Belafonte, wakaimba "One More Dance". Onyesho hilo lilirekodiwa na kutolewa kama albamu, na kwa Wamarekani wengi hapo ndipo walipomsikia Makeba kwa mara ya kwanza.

SANTURI YA 1965

6. Je, wajua kwamba albamu iliyoubeba wimbo huu inaitwa "An Evening with Belafonte/Makeba", na ilitolewa na kampuni ya RCA Victor mwaka 1965? Jina hilo humfanya mtu adhani wameimba wawili mwanzo hadi mwisho. Ukweli ni kwamba nyimbo walizoimba pamoja ni mbili tu: ule wa treni, "Mbombela", na "Malaika". Nyingine zote kila mmoja aliimba zamu yake.

7. Kwamba aliyepanga na kuongoza muziki wa albamu hiyo alikuwa Mwafrika mwingine aliyekuwa uhamishoni? Ni Jonas Gwangwa, mpuliza tromboni kutoka Afrika Kusini. Utulivu wa wimbo ule, sauti mbili zikisikika bila kufunikwa na vyombo, ni kazi ya kichwa chake. Ukiuliza watu kumi nani wako kwenye "Malaika", ni nadra kumpata mmoja atakayemtaja Gwangwa.

8. Kwamba mwaka 1966 albamu ilishinda Grammy ya rekodi bora ya muziki wa asili? Kwa ushindi huo Makeba anahesabiwa kuwa mwimbaji wa kwanza kutoka barani Afrika kutwaa tuzo hiyo. Kiswahili kilikuwamo kwenye santuri iliyoshinda, pamoja na Kizulu, Kisotho na Kixhosa.

9. Kwamba hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyekulia kwenye Kiswahili? Lugha za Makeba zilikuwa za kusini mwa Afrika, na Belafonte alikulia kwenye Kiingereza. Ndiyo maana msikilizaji wa kwetu husikia maneno fulani yakitamkwa kigeni, na mengine yakiwa yamehama kidogo kutoka yalivyoimbwa Nairobi. Wageni walioujifunza wimbo kupitia kwao wakayachukua maneno jinsi yalivyo, na tofauti hizo zimeenea mpaka leo.

10. Kwamba kuuimba wawili kuliubadilisha wimbo wenyewe? Kwa asili ni kilio cha kijana mmoja: anampenda binti, anataka kumwoa, lakini mfuko hauna kitu na mahari haipatikani. Akiimba mwanamume peke yake, tunamhurumia yeye. Sauti ya Makeba inapoingia, tunakumbuka kwamba na binti ana moyo, na kwamba umaskini unawanyima wote wawili. Hakuna anayemjibu mwenzake; wanalia kilio kimoja. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo ilipo nguvu ya rekodi ile, na ndiyo sababu inapendwa hadi leo na watu wasiojua Kiswahili.

MIKONO ILIYOUTENGENEZA

11. Je, wajua kwamba wimbo ulikuwa umesharekodiwa Nairobi miaka mitano kabla ya santuri ile ya Marekani? Fadhili William na kundi lake la Jambo Boys waliurekodi mwaka 1960. Mwaka 1963 akaurekodi upya katika studio za Equator, kampuni iliyokusanya vipaji vikubwa vya enzi hizo, akiwamo Daudi Kabaka.

12. Kwamba Fadhili alikuwa jirani yetu kabisa? Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida, mtu wa Taita-Taveta, sehemu ya Kenya inayopakana na mkoa wa Kilimanjaro. Alizaliwa mwaka 1938. Aliishi miaka mingi Marekani, akarudi Kenya, na akafariki Februari 2001.

13. Kwamba Mtanzania Adam Salim anatajwa kuwa ndiye aliyeutunga? Kwa mujibu wa simulizi hiyo, Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, aliutunga akiwa Nairobi katika miaka ya 1945 na 1946, kwa ajili ya binti aliyempenda ambaye wazazi walimwoza kwa mtu tajiri. Wapo pia wanaowataja Grant Charo na Lucas Tututu wa pwani ya Kenya. Fadhili naye alishikilia kwamba ni wake, na kwa kuwa ndiye aliyetangulia studio, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye santuri na kwenye mirabaha.

14. Kwamba ugomvi wa namna hii una sababu inayoeleweka? Enzi hizo wimbo ulipita mdomo kwa mdomo: kwenye karamu, kambini, baa, vituo vya reli. Aliyetunga hakuandika. Aliyeusikia akaongeza ubeti, mwingine akabadili mahadhi. Siku kampuni inapokuja na maikrofoni, anayesimama mbele yake ndiye anayekuwa mwenye wimbo. Hakuna aliyeuliza wimbo umetoka wapi.

15. Kwamba "Malaika" ulifika Uswidi kabla kundi la ABBA halijazaliwa? Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la nchi hiyo liliurekodi. Mpiga kinanda wake alikuwa kijana Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M nao wakautoa, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka kwenye albamu yake "Logozo".

BARABARA YA ARUSHA NA NAIROBI

16. Je, wajua kwamba wakati Fadhili anarekodi Nairobi, miteremko ya Mlima Meru nayo ilikuwa inaandaa muziki wa dunia? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwongozaji Howard Hawks alikuja na mwigizaji John Wayne kupiga filamu ya "Hatari!", na Momella, ambayo leo iko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ikawa uwanja wao. Filamu ilitoka mwaka 1962. Kwa ajili ya tukio la ndovu wachanga wakipelekwa kuoga, Henry Mancini alitunga "Baby Elephant Walk", muziki mtupu usio na maneno, ambao nao ulileta Grammy.

17. Kwamba Arusha ilikuwa na bendi iliyobeba jina lake, na bendi hiyo ikaja kuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki? Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, ambako tangu mwaka 1966 walikuwa Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Nairobi. Huko wakajulikana kama Simba Wanyika.

18. Kwamba walikuwa na sababu nzito ya kuondoka? Nairobi ndiko zilikokuwa kampuni za santuri, studio za biashara na viwanda vya kufyatulia sahani. Tanzania bendi zilirekodi zaidi Radio Tanzania. Wimbo ulisikika nchi nzima, lakini sahani ya kuuza dukani ilitegemea jirani. Kutoka Arusha hadi Nairobi, kupitia Namanga, ni kama kilomita 270. Kwa mpiga gitaa mwenye ndoto, huo haukuwa mwendo mrefu.

19. Kwamba sifa ya Simba Wanyika ilikuwa sauti za ndugu wawili zikipokezana na kuungana, juu ya magitaa yenye nyayo za Dr Nico wa Kongo? Ukitaka kusikia maana ya kuimba wawili kwa Kiswahili, usiishie kwa Makeba na Belafonte. Sikiliza Wilson na George: mmoja analeta neno, mwingine analipokea kabla halijaanguka.

20. Kwamba bendi hiyo ilizaa nyingine? Mwaka 1978 mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani, maarufu kama Profesa, na wenzake walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza akaungana nao. Matunda yake ni "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa Kaloleni au Kisumu hakuna anayekaa kitini. Mizizi yake, ukiifuata nyuma, inapita Arusha.

21. Kwamba "Sina Makosa" ulivuma wakati mpaka wa Namanga umefungwa? Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana papa hapa Arusha. Miaka yote hiyo Watanzania waliokuwa Nairobi waliendelea kupiga muziki, na mawimbi ya redio hayakuombwa pasipoti.

22. Kwamba George Kinyonga alifariki mwaka 1992, na Wilson akamfuata mwaka 1995? Bendi ilikwisha pamoja nao. Arusha haijawatangaza vya kutosha kama watoto wake wa kulea, na inapaswa.

SAUTI ZA MERU ZA SASA

23. Je, wajua kwamba X Plastaz wa Arusha waliunganisha michano ya mtaani na uimbaji wa Kimaasai? Kundi lilianza miaka ya 1990. Sauti ya Merege, mwimbaji wa Kimaasai, iliwekwa sambamba na mistari ya akina Gsan na Ziggy. Albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa Ujerumani mwaka 2004, na mwaka 2009 Gsan alichana kwa Kiswahili kwenye tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani.

24. Kwamba kundi la Weusi ni muungano wa kambi mbili za Chuga, yaani Arusha? Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili walitoka River Camp. G Nako na Lord Eyes walitoka Nako 2 Nako. Badala ya kushindana wakaungana. Nikki wa Pili baadaye aliingia serikalini: mwaka 2021 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe.

25. Kwamba Vanessa Mdee alizaliwa Arusha, mwaka 1988? Wengi walimjua kwanza kama mtangazaji wa MTV Base. Kilichomfungulia mlango wa muziki ni kolabo: Ommy Dimpoz alimshirikisha kwenye "Me and You" mwaka 2012, na mwaka uliofuata wimbo huo ukang'ara kwenye tuzo za Kilimanjaro. Baadaye akaimba na Jux nyimbo za wapendanao kama "Juu". Sauti yake iling'aa zaidi ilipopata mwenza.

HAKI YA ALIYETUNGA

26. Je, wajua kwamba wimbo mmoja una haki zaidi ya moja ndani yake? Kuna ya aliyetunga maneno na mahadhi, kuna ya walioimba na kupiga, na kuna ya aliyegharamia kurekodi. Makeba na Belafonte walikuwa waimbaji wa "Malaika", hawakuwa watunzi. Mtu anaweza kuupa wimbo umaarufu wa dunia nzima na bado utunzi ukabaki wa mwingine.

27. Kwamba wakati "Malaika" unapaa, ulinzi wetu wa kimataifa ulikuwa dhaifu? Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994, zaidi ya miaka 30 baada ya rekodi ya kwanza ya Fadhili. Tanzania ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na sheria hiyo ndiyo iliyoizaa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

28. Kwamba kutunga wawili kuna faida ambayo wasanii wengi hawaijui? Chini ya Mkataba wa Berne, ulinzi wa utunzi hudumu maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kama watunzi ni wawili, hesabu ya miaka hiyo huanzia kwenye kifo cha yule wa mwisho. Familia zote mbili hufaidika, ilimradi majina yote mawili yawe yameandikwa.

29. Kwamba hiyo "ilimradi" ndiyo iliyowaponza watu wa zamani? Aliyeandikwa amelipwa, asiyeandikwa amebaki kwenye simulizi. Makubaliano ya nani katunga nini, kwa asilimia ngapi, huandikwa siku ya kurekodi, wakati wote bado ni marafiki. Wimbo ukishavuma, kila mmoja hukumbuka mambo kwa namna yake.

30. Kwamba Makeba alifariki Italia Novemba 2008, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, na Belafonte akafariki New York Aprili 2023 akiwa na miaka 96? Walioimba wote wameondoka, na Fadhili vilevile. Swali la nani alitunga hatuwezi tena kuwauliza wao, na hiyo ndiyo hasara ya kuchelewa kuandika.

Kwa hiyo, kijana wa Ngarenaro, Sakina, Kijenge au Tengeru unayeingia studio na mwenzako wiki hii: kabla hujatoka, andikeni kwenye karatasi majina ya wote walioweka mkono, mtunzi, mwimbaji, mpiga ala na prodyuza, mtie saini, kisha mkasajili kazi yenu COSOTA. Na wewe mzee mwenye sahani ya Arusha Jazz kabatini au kumbukumbu ya nani alipiga besi mwaka 1970, mwite mjukuu aandike leo. Wimbo mzuri utaishi hata bila majina. Watu walioutengeneza hawataishi.